Ng'ombe wa Masenge

Kwa wiki saba, mwishoni mwa mwaka 1994, baba yangu alilisha ng'ombe wake tisa kwenye uwanja wa gofu wa Kigali, na hakuna mtu aliyeweza kumshawishi kwamba hakupelekwa pale na Mungu mwenyewe. Hapakuwa na wa kuukata uwanja, kwa hiyo nyasi zilikuwa zimefika magotini. Bondeni kulikuwa na ziwa dogo lililotulia. Siku ya kwanza baba alisimama juu ya kilima, akavua kofia, akanitazama kwa jicho la mtu aliyeshinda kesi.

"Umeona?" akasema. "Ulidhani natania?"

Nilimweleza kwamba zamani watu walikuja hapa kupiga kimpira kidogo kwa fimbo, wakakifuata, wakakipiga tena, hivyo hivyo mpaka jioni.

"Wakiwa na fimbo?"

"Ndiyo, baba."

"Kwenye nyasi zote hizi?"

"Ndiyo."

"Bila ng'ombe?"

Aliwasikitikia watu wale siku nzima.

Baba alikuwa mzee wa kanisa kule Karagwe, upande wa Tanzania, ambako nilizaliwa na kusomea ualimu. Imani yake yote ilikaa katika jambo moja: Mungu ni mchungaji, sisi ni mifugo yake. Mvua ikinyesha, mchungaji ametufikisha malishoni. Isiponyesha, anatupitisha pakavu kwenda malisho mengine. Mama alipofariki, baba alinyamaza siku tatu, na ya nne akasema kwamba mchungaji akifika mtoni humvusha kwanza yule asiyeogopa maji. Nilimpenda baba, lakini maelezo yake yaliniudhi. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na jibu linalofaa kila swali huwa nalitilia shaka. Nilimwambia hivyo nikiwa na miaka kumi na tisa. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanituma maji.

Alipokimbia Rwanda, kabla sijazaliwa, alimwacha dada yake mdogo aliyeolewa karibu na Kabuga, mji wa soko mashariki mwa Kigali. Baba alimbembeleza waondoke pamoja. Dada akakataa. Alisema mume bado ni mpya na kaka ameshamzoea. Basi baba akaenda peke yake, na kule Karagwe alipopata mitamba yake ya kwanza akamtenga mmoja, akasema, "Huyu ni wa dada yangu." Shangazi kwa Kinyarwanda ni masenge, kwa hiyo mimi nilimjua mnyama yule kwa cheo hicho tangu utotoni: ng'ombe wa Masenge. Alipozeeka, binti yake akarithi cheo, halafu binti wa binti. Ukame ulipokuja baba aliuza wengine, wa Masenge hakuguswa. Nilikwenda sekondari na viatu vyenye matundu huku ng'ombe wa mwanamke nisiyemjua amenona kama bibi harusi. Nilimwonea wivu ng'ombe, na wala sikuficha.

Barua ya mwisho ya Masenge ilitufikia mwanzoni mwa 1990, kwa mkono wa mfanyabiashara wa maharagwe. Alisema mume wake ni mzima, ana wana wanne, wa mwisho amekuwa mrefu kuliko mlango. Mwezi wa kumi mwaka ule vita vikaanza na barua zikakoma. Kisha ikaja Aprili ya 1994, na redio yetu ikatuambia mambo ambayo baba aliyasikiliza akiwa amesimama. Nilimsubiri aeleze. Hakueleza. Kwa miezi mitatu alirudia kitu kimoja tu, kwamba ni lazima ampelekee dada yake ng'ombe wake, na sisi sote tuliomzunguka tulijua swali ni kama mwenye ng'ombe bado yupo, na hakuna aliyethubutu kulitamka.

Tulivuka daraja la mpakani mwezi wa tisa, baba, mimi, na ng'ombe kumi na wawili. Mmoja alikufa njiani kwa ugonjwa, wawili wakapotelea porini. Tulipohesabu wakawa tisa, na baba akasema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Nilikuwa sijawahi kuona methali ikitumika kwa hesabu kamili namna ile, nikacheka peke yangu barabarani. Lakini si kila siku tulicheka. Kulikuwa na vijiji ambavyo hata jogoo hakubaki wa kuwika, na hivyo tulivipita kimya, baba akiwa mbele, mimi nyuma, macho yangu kwenye mikia ya ng'ombe.

Barabara ile ya mashariki hupita Kabuga kabla ya kufika Kigali. Nilidhani tungesimama. Nilikuwa nimeshaanza kujipangusa vumbi. Baba akapita katikati ya mji bila kugeuza shingo, akiswaga ng'ombe wake kwa haraka ambayo hakuwa nayo tangu mpakani. Nilipomfikia nikamwuliza, akanijibu kwamba ng'ombe wa Masenge ana mimba na bado hajazaa. Mtu hampelekei dada yake ng'ombe asiye na maziwa baada ya miaka zaidi ya thelathini. Ilikuwa sababu nzuri, yenye heshima, nami nikaimeza.

Kigali tulionyeshwa nyumba tupu mtaa wa Nyarutarama, karibu na uwanja ule wa gofu. Baba aliangalia kitanda kilichokuwa chumbani, akasema kina mwenyewe, akatandika mkeka wake kwenye kibanda cha nyuma, jirani na ng'ombe. Mimi nililala sebuleni na sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda kufundisha kwenye shule iliyokuwa na watoto wengi na chaki chache, na jioni nilipitia uwanjani kumsaidia baba kurudisha mifugo.

Wiki ya kwanza alikuja askari kijana kutufukuza. Alikulia Uganda, kama wengi wa wenzake, na Kiswahili chake kilikuwa na bunduki ndani yake.

"Mzee, hapa si mahali ya ngombe. Hapa ni ya wakubwa. Toa hizi zote sasa hivi."

Baba akamsalimu kwa salamu ya wafugaji. "Amashyo!" Maana yake ni kumtakia mtu makundi ya ng'ombe.

Kijana akasita. Nilimwona akipambana na ulimi wake mwenyewe. Adabu ya nyumbani kwao ikashinda, akajibu, "Amashongore," yaani wawe majike wengi. Sasa utamfukuzaje mtu ambaye mmetakiana ng'ombe? Akabaki amesimama, akauliza yule mwekundu amezaa mara ngapi. Walipoachana saa moja baadaye aligeuka akasema, "Lakini chini kule usiende, mzee. Iko mabomu kwa ardhi."

Kuanzia siku ile baba aliwapitisha ng'ombe wake pale tu ambapo ng'ombe wa watu wengine walikuwa wamekwisha kupita. Nikamwuliza kama mchungaji wake yuko likizo.

"Mungu anachunga," akasema. "Lakini haya macho alinipa ya nini?"

Wiki ya tatu malaria ikamwangusha. Alilala kwenye mkeka akitetemeka, na nje ng'ombe watatu waliokuwa na maziwa wakaanza kulia, viwele vimejaa. Ni lazima nieleze jambo hapa kwa asiyetujua. Kwetu mwanamke hakamui. Anaosha vyombo vya maziwa, anatikisa maziwa yatoe siagi, anagawa kwa watoto na wageni, na katika hayo hakuna mwanamume wa kumfundisha. Lakini kuchuchumaa chini ya ng'ombe ni kazi ya mwanamume, na nyumba ambayo mwanamke amekamua ni nyumba iliyofikwa na balaa. Nilimwambia baba kwamba nina diploma na vidole kumi. Akafumbua jicho moja. "Hatujafikia huko," akasema, akalifumba.

Nikakimbia kumwita yule askari kwenye kizuizi cha barabarani alichokuwa analinda. Alikuja akidhani tumevamiwa. Nilipomwonyesha tatizo aliegemeza bunduki ukutani, akanawa mikono mara mbili, akachuchumaa. Maziwa yalipoanza kupiga sauti ndani ya icyansi, chombo chetu cha mti cha kukamulia, aliweka paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe na mabega yake yakaanza kutikisika. Sikujua analia au anacheka. Ilikuwa yote mawili.

"Miaka minne," akasema, "mimi nashika ile tu." Akaelekeza kidevu kwenye bunduki.

Alikuja asubuhi na jioni mpaka baba alipopona. Baba akaeleza, bila shaka, kwamba mchungaji huwa na wasaidizi. Safari ile sikubisha, maana msaidizi mwenyewe alikuwa mzuri wa sura na nilikuwa nimeshaanza kuchana nywele kabla ya saa ya kukamua. Halikufika popote, akahamishwa kikosi, lakini nywele zilinufaika.

Wiki ya tano ng'ombe wa Masenge akazaa. Ndama jike, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji. Baba alifurahi, akamshika masikio, akamwombea. Kesho yake niliamka mapema, nikavaa viatu vya safari. Baba akasema tungoje dang'a iishe, yale maziwa mazito ya kwanza si ya kupeleka ugenini. Sawa. Dang'a ikaisha. Akasema mvua. Mvua ikapumzika siku mbili, akasema kwato za ndama bado laini. Nikazikagua kwato, zilikuwa kwato. Akasema Ijumaa si siku njema ya kuanza safari, mtu ambaye maisha yake yote alihubiri kwamba siku zote ni za Mungu.

Ndipo nikaelewa, na nikaona aibu kwamba nimechelewa. Baba alikuwa anaogopa. Alimwamini Mungu kwa ukame, kwa kifo cha mama, kwa safari ya kilomita zaidi ya mia na ng'ombe kumi na wawili, na alikuwa hawezi kutembea siku moja kwenda kuuliza swali moja. Badala ya kumwonea huruma nilikasirika. Ndivyo nilivyoumbwa, hofu ya mtu ninayempenda hunitoka kama hasira.

"Kama yuko hai," nikamwambia, "unamnyima kaka. Kama hayuko, unamnyima hata mtu wa kumlilia."

Baba alikuwa anasuka kamba ya ndama. Hakuinua uso.

"Nikibaki hapa," akasema, "bado yuko."

Nilikaa chini kando yake, nikashika upande mmoja wa kamba ili aisuke vizuri. Ilipokwisha aliipima kwa mkono, akaniomba nimtafutie koti lake la kanisani.

Tuliondoka alfajiri ya Jumamosi. Jirani alikubali kubaki na wale wanane. Ndama alitembea mpaka mtaa wa Remera, akalala katikati ya barabara. Nilikuwa nimetegemea hilo na nilikuwa na toroli la ujenzi nililolikuta nyuma ya nyumba, nimelitandika kitenge. Baba aliona ni fedheha kubwa. Ndama wa ng'ombe wa dada yake aingie Kabuga kwenye chombo cha kubebea saruji! Akajaribu kumbeba mabegani, kama kwenye picha za ukutani kanisani. Picha zile hazionyeshi kinachofuata. Ndama alikojoa, mkojo ukashuka shingoni mpaka ndani ya koti, na baba akakubali toroli. Nililisukuma kupanda na kushuka, huku mama wa ndama akinipumulia kisogoni na baba akitembea pembeni akimwomba ndama radhi. Watu waliokuwa barabarani walisimama kutuangalia. Mwanamke mmoja alicheka, akafunika mdomo, nadhani kwa kushangaa kwamba bado anaweza. Tukavipita vilima vya Masoro, wakati ule mashamba na nyasi tu, na kadiri tulivyokaribia ndivyo baba alivyozidi kutembea polepole.

Kabuga tuliuliza kwa muuza mihogo sokoni. Baba alitaja jina la mume wa dada yake. Yule mwanamke aliangalia koti, ng'ombe, toroli, kisha akaonyesha njia kwa kidevu. Baba hakuuliza zaidi.

Nyumba ilikuwa na nusu ya paa. Uani aliketi mwanamke mwembamba kwenye kigoda, anachambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa na pua ya baba. Nilijua kabla hajainua kichwa. Baba alisimama pale palipokuwa na lango, na salamu zote alizojua zikampotea.

Mwanamke akamtazama sana.

"Umezeeka," akasema kwa Kinyarwanda.

"Na wewe," akajibu baba.

Wakashikana mikono, kisha mabega, kisha sikuona tena mtu gani anaishia wapi. Mimi nililia kwa sauti nikiwa bado nimeshika toroli. Yuko hai! Wiki zote zile, maneno yote yale makali niliyomwambia baba, na alikuwa hapa anachambua maharagwe. Kama ningekuwa na ngoma ningeipiga. Baba naye alikuwa anang'aa. Akajitenga kidogo ili amwone vizuri, akafungua mikono, nikajua kinachokuja.

"Unaona?" akasema. "Nilisema siku zote. Mungu ni mchungaji, hawezi..."

Masenge akamwekea kiganja kifuani, taratibu.

"Kaka," akasema. "Nilikuwa na wana wanne."

Baba akaishusha mikono.

Ng'ombe ndiye aliyetuokoa, kwa kulia, maana saa yake ilikuwa imefika. Baba akajikumbuka. Akamvuta mpaka katikati ya ua, akavua kofia, akamkabidhi kama inavyotakiwa, akitaja ukoo wake: huyu ni binti wa fulani, binti wa fulani, wa mtamba niliyekutengea mwaka wa kwanza wa ugenini. Wako. Siku zote alikuwa wako. Masenge alimzunguka ng'ombe, akampapasa nundu, akamgusa doa la ndama. Akatabasamu, na kwa muda mfupi alikuwa msichana aliyemwambia kaka yake kwamba ameshamzoea. Kisha akauliza, bila uchungu, kama mwenye nyumba yeyote anavyouliza pa kuweka kitu:

"Nani atamkamua?"

Nikautazama ua. Kigoda kimoja. Sahani moja imefunikwa kwenye jiwe. Baba alikuwa amelinda ukoo wa ng'ombe yule kwa zaidi ya miaka thelathini, akavuka naye mto, akamngoja azae ili asifike bila maziwa, na hakuwa amewaza hata mara moja kwamba anapeleka ng'ombe wa maziwa kwenye nyumba isiyo na mwanamume wa kumkamua. Nami sikuwaza. Nilimwona akitambua, uso wake ukashuka wote kwa pamoja.

Akachukua icyansi tuliyobeba, akachuchumaa. Alivuta kwa pupa, kama mtu asiyewahi kukamua. Ng'ombe akasogea. Akajaribu tena, ng'ombe akasogea tena, maziwa yakamwagika kwenye vumbi. Masenge alingoja kwa adabu. Halafu akaenda kwenye mtungi, akanawa, akakaza kitenge kiunoni.

"Masenge, acha," nikasema. Mimi, mwenye diploma na vidole kumi. "Sisi hatukamui."

Hakunikaripia. "Niliwazika watano kwa mikono hii," akasema. "Mume wangu na watoto. Kuchimba kaburi nako si kazi ya mwanamke. Hii ndiyo itanishinda?"

Akachuchumaa mahali pa baba. Hakujua kukamua. Alivuta vibaya, hakikutoka kitu. Baba alimshika ndama kwa kamba mpya, akainama karibu na sikio la dada yake, akamwambia abane juu kwanza kwa kidole gumba, ashushe polepole, asivute. Hayo ndiyo maelezo pekee aliyoyatoa siku ile. Tone, kisha mstari mwembamba, kisha mlio ule wa maziwa kwenye mti.

Yalipofika nusu, Masenge alisimama, akampa kaka yake chombo kwa mikono miwili.

"Omba," akasema. "Lakini usinieleze kitu."

Baba aliishika icyansi, akafumba macho. Midomo yake ikacheza bila sauti, na mimi niliyemchoka kwa maneno yake nilijikuta namwombea apate japo moja.

"Mungu," akasema mwishoni, "tumebaki wawili."

Masenge akasema amina, akamwambia anywe, maziwa yanapoa.